Siku Kumi na Nne za Kuchagua

Kiwanda cha rangi kilikuwa na mashine ya kulinganisha rangi, yenye taa ya bluu na kioo cha tarakimu, na kila mgeni aliyekuja alionyeshwa mashine hiyo. Lakini mteja akileta kipande cha plasta na kusema anataka rangi hii hii, si binamu yake, mashine ilizimwa na Jicho akaitwa.

Jicho ndilo jina alilopewa na wenzake. Alikuwa mchanganyaji mkuu, mtu wa miaka hamsini na minne, mwembamba, mpole, koti lake la kazi limejaa madoa ambayo angeweza kukutajia asili yake moja baada ya jingine. Alizijua nyeupe kumi na moja: ya maziwa, ya mfupa, ya ganda la yai, ya jino la mtoto, na nyingine ambazo hazikuwa na jina ila namba. Alitia tone, akakoroga, akapaka kidogo kwenye kadi, akasubiri ikauke, akaenda nayo dirishani, akarudi, akatia nusu tone. Wateja walilalamika kwamba anachelewa, ila hakuna aliyewahi kurudisha kopo.

Nyumbani tabia hiyo hiyo haikusifiwa. Mke wake, ambaye alikuwa mkunga wa hospitali ya serikali kwa miaka ishirini na minane, alisema amewahi kuzalisha mapacha katika muda ambao mumewe anachagua nyanya. Viatu alivyovaa siku ya harusi ya binti yao vilimchukua safari nne za dukani, na alivinunua asubuhi ya harusi yenyewe, tena si vile alivyovitaka.

Basi Ijumaa moja afisa utumishi, mwanamke mchangamfu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, aliwakusanya wafanyakazi wote mia moja na ishirini kwenye ghala la mapipa matupu. Tangu kiwanda kianze, kila mmoja alikatwa kidogo kwenye mshahara kwa ajili ya mfuko wa afya wa serikali. Ukiugua, unakwenda hospitali ya serikali, unakaa kwenye benchi, mambo yanaisha yanavyoisha. Sasa utaratibu umebadilika.

"Mwisho wa mwezi huu mpango wa zamani unakufa," alisema. "Kila mtu ana uhuru. Anayetaka kubaki na serikali atajaza fomu ya kubaki. Anayetaka kampuni binafsi ya bima atajaza fomu ya kampuni, na huko kuna daraja la shaba, la fedha na la dhahabu. Mna siku kumi na nne. Dirisha langu linafungwa Ijumaa ya wiki mbili zijazo, saa nne kamili asubuhi. Ukishachagua, kubadili ni mwakani."

"Na asiyechagua?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

"Kwani kuchagua kunauma?" alisema, na watu wakacheka.

Wakagawiwa makaratasi. Kitabu cha kampuni kilikuwa na kurasa arobaini na sita zinazoteleza mkononi. Kwenye jalada kulikuwa na familia inayocheka, ambayo kwa kuitazama tu ungejua haijawahi kuumwa. Tangazo la serikali lilikuwa karatasi moja iliyotolewa nakala ikiwa imelala upande, kiasi kwamba ulilazimika kuinamisha shingo ili kuisoma.

Watu walitazama picha, wakatazama karatasi iliyolala upande, wakamtazama Jicho. Kila mtu alijua kwamba Jicho husoma. Alisoma hata maandishi ya chini ya kopo la vanishi, yale yanayosema usinywe.

Jicho akavisoma vyote mara mbili, akiwa na penseli. Siku ya tatu alikuwa amegundua mambo. Kampuni ilikuwa inalipia vioo vya miwani lakini hailipii fremu, kwa sababu fremu ni urembo. Ililipia mimba, lakini si mimba iliyoingia kabla ya bima. Ililipia gari la wagonjwa, mradi mgonjwa apige simu saa ishirini na nne kabla. Hilo la mwisho alilisoma mara tatu, akaamua ni kosa la uchapaji, kisha akaliona tena ukurasa wa thelathini. Karatasi ya serikali haikuwa na mambo kama hayo. Ilisema magonjwa yote yatatibiwa, kwa watu wote, kwa dawa zote, "kadiri ya upatikanaji wake". Kampuni iliahidi mambo mengi na kuyawekea masharti mengi. Serikali iliahidi kila kitu na kukiwekea sharti moja tu, nalo lilitosha.

Wa kwanza kumwendea alikuwa dereva wa foklifti, ambaye mkewe alikuwa na ujauzito wa miezi mitano.

"Jicho, mimi nimependa fedha," alisema. "Wanasema chumba kina televisheni."

"Mimba yenu imewatangulia. Hawatailipia."

"Sasa mimba ingengojaje bima?"

"Ukurasa wa kumi na saba unasema ingengoja miezi kumi. Baki na serikali mpaka mtoto azaliwe. Mwakani utahama ukaione televisheni."

Dereva akabaki na serikali. Akaja mama chai, aliyehudumia kiwanda kizima kwa mabirika mawili. Hakuwa na ugonjwa wowote zaidi ya chuki ya foleni. Akikosa siku moja kazini, wateja wake walihamia kwa muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara na kurudi kwao ilikuwa shida. Jicho akamshauri achukue shaba. Siku ya nne walikuwa wanane mlangoni kwake, siku ya sita walikuwa ishirini. Jicho alimsikiliza kila mtu: umri wake, jino lake, mgongo wake, mama yake mzee. Alimpimia kila mmoja kama anavyopima rangi, na kila mmoja aliondoka ameridhika. Wote aliwasomea pia ukurasa wa arobaini na moja, kwa sauti, akigonga penseli juu ya meza: "Mfanyakazi ambaye fomu yake haitapokelewa ndani ya muda atahesabiwa kuwa ameridhia kutokuwa na bima."

"Msije mkalala," aliwaambia.

Yeye mwenyewe alikuwa hajajaza.

Alikuwa na sababu, na sababu ya kwanza ilikuwa mkewe. "Mimi siwezi kukuchagulia," mkunga alisema, akivua viatu vyake vyeupe baada ya zamu. "Wewe ni mtu mzima. Ila nakukumbusha tu kwamba pale nimepokea watoto elfu tatu na kitu, wengine kwa mwanga wa simu. Mume wangu akiliacha lango letu akaenda na kadi ya dhahabu kulazwa hospitali binafsi, nitaficha wapi uso?"

"Kwa hiyo unanichagulia."

"Nimesema siwezi kukuchagulia."

Sababu ya pili ilikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike. Shemeji alikuwa wakala wa kampuni ile ile ya bima, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya mapumziko, mwenye ulimi ambao ungemuuzia chura mwavuli. Jumapili alikuja na mkewe, akakaa, akaweka kalamu mezani kabla hajaweka simu.

"Shemeji, nikwambie kitu. Serikali ni kama mvua. Ikinyesha inanyesha kwa wote, na isiponyesha huna wa kumlalamikia. Sisi ni bomba. Unafungua, maji yanatoka."

"Na ukichelewesha bili ya bomba?" mkunga aliuliza kutoka jikoni.

"Shemeji, hapo umenishika," Wakala alisema, akacheka, lakini kalamu hakuiondoa.

Jicho alipowasindikiza nje, mdogo wake alimvuta kando na kumwambia kwa sauti ya chini, "Kaka, mume wangu amebakiza watu wawili atimize idadi ya mwezi. Mmoja nilihesabu ni wewe. Hata sikukuuliza, nilihesabu tu. Usinifanye mwongo."

Sababu ya tatu hakumwambia mtu. Tangu mwaka uliopita, kila aliponyanyua pipa, kitu kama yai la njiwa kilijitokeza kwenye kinena chake, upande wa kulia, kisha akilala kinarudi ndani. Alijua ni ngiri. Alijua pia kwamba kampuni haigusi ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima mpaka ipite miezi kumi na miwili, na kwamba hospitali ya serikali ingempokea leo hii na kumwandika kwenye orodha ya kungoja, ambayo mkewe alisema imefika miezi minane. Miezi minane kwenye benchi la wote, au kumi na miwili kwenye kochi la ngozi. Kumweleza mkewe kungemsaidia, maana alikuwa mtu wa kazi hiyo. Lakini mkewe angetaka aone, kisha angemburuta kesho yake asubuhi, na hapo Jicho asingekuwa amechagua, angekuwa ameburutwa.

Alhamisi ya mwisho alijaza fomu zote mbili, kila moja kwa wino mweusi na mwandiko wake mzuri. Ya serikali akaitia mfuko wa kushoto wa koti la kazi, ya kampuni mfuko wa kulia. Alijiambia kwamba asubuhi, kwenye dirisha, mkono utajua.

Asubuhi alifika saa mbili na nusu na kukuta benchi la nje ya ofisi limejaa. Watu wale wale aliowashauri walikuwa wameulizana njiani na sasa wana mashaka. Fundi wa mitambo alitaka kujua kama daraja la shaba linahesabu wakwe. Mlinzi alikuwa ameandika jina lake kwenye nafasi ya ugonjwa. Jicho akakaa katikati yao, akatoa penseli, akaanza kuwasaidia. Saa nne kasoro dakika saba alikuja mama chai, mikono ina maji, amebadili mawazo anataka serikali. Saa nne kasoro dakika tatu alibadili tena. Jicho akamjazia fomu mpya ya shaba, akamwonyesha pa kutia saini, akainuka pamoja naye.

Fomu ya mama chai iliingia. Dirisha likashuka.

Afisa utumishi alichungulia pembeni ya kioo, akaona nani amesimama pale. "Jicho! Bila wewe nisingemaliza. Yako si ulileta zamani?"

"Bado."

"Bado? Wewe?" Akafungua dirisha kwa mikono miwili. "Lete haraka. Tarishi anaondoka, lakini bahasha sijaigundisha. Ipi?"

Jicho akatia mkono mfuko wa kushoto. Alipoigusa karatasi akamwona mdogo wake akihesabu kwa vidole. Akatoa mkono, akautia mfuko wa kulia. Akamwona mkewe akiwa amesimama langoni na viatu vyake vyeupe.

"Ipi, Jicho?"

"Ngoja kidogo," alisema.

Ulikuwa muda wa kawaida kwake, ule wa kupeleka kadi dirishani na kuirudisha. Lakini tarishi alikuwa ameshawasha pikipiki, na tarishi hakuwa mteja. Alichukua bahasha kutoka kwenye kaunta, akaigundisha mwenyewe kwa ulimi, akaondoka.

Afisa utumishi alivua miwani. Ikabaki kifuani ikibembea. "Sasa wewe," alisema taratibu, "umechagua nini?"

Jicho alijua ukurasa ambamo jibu limeandikwa.

Aibu ilimshika, maana si jambo dogo kuwavusha watu mto halafu wewe mwenyewe ubaki upande ule ule na kapu lako. Nyumbani mkewe alipouliza, alisema, "Lile limekwisha." Mdogo wake alipopiga simu, alisema, "Lile limekwisha," na akaongeza kwamba ana kazi.

Kila mmoja akaelewa alivyoogopa. Mkunga akasema moyoni: angekuwa amebaki na sisi angesema. Amekwenda kwa shemeji yake. Wakala alikagua orodha yake, akakuta jina halipo, akamwambia mkewe: kaka yako amekaa kwa mke wake. Kwa hiyo Jicho, ambaye hakuchagua ili asimuudhi mtu, akawa amewaudhi wote wawili. Kwa wiki sita mkewe alimwekea chakula bila kumuuliza kama chumvi inatosha. Mdogo wake aliacha kupiga simu. Naye akanyamaza, akafanya kazi zake, akaepuka kunyanyua mapipa.

Jumapili ya wiki ya saba mkunga akachoka na ubaridi huo. Alikuwa na roho ya kuvumilia uchungu wa wengine, si wa nyumbani kwake. Akamwalika wifi yake na shemeji waje kula chakula cha mchana. Walikaa mezani, wakaongea habari za mvua, za bei ya saruji, za mtu fulani aliyehama. Jicho alifurahi hata akainuka mwenyewe kwenda kuhamisha mtungi wa gesi ulioisha. Walisikia mtungi ukianguka jikoni, kisha wakamsikia yeye.

Walimkuta kwenye sakafu, magoti yamekunjwa, jasho limemtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Mkunga akapiga magoti, akamfunua bila kuomba ruhusa, akaweka vidole viwili kwenye kile kivimbe. Kilikuwa kigumu, chekundu, na hakikurudi ndani.

"Tangu lini una ngiri?"

"Muda," Jicho alisema.

"Muda! Nalala na mtu mwenye ngiri na mimi ni mkunga." Akainua kichwa, na sauti yake ikawa ya kazini. "Utumbo umenaswa. Akikaa hivi mpaka usiku, utumbo utakufa humo humo ndani. Shemeji, lete gari. Mpelekeni hospitali yenu ya binafsi, ni hapo mtaa wa pili, mtafika kwa dakika tano."

Wakala alikuwa na ufunguo mkononi lakini hakusogea. "Yetu? Si yenu?"

"Yetu ni nusu saa, na leo Jumapili mtu wa usingizi wa upasuaji ni mmoja kwa hospitali nzima. Sijui hata kama yupo. Mpeleke kwenu."

"Shemeji, nisikilize," Wakala alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue alizungumza bila utamu. "Kwetu wataanza na kadi. Kisha simu ya idhini kutoka kwa kampuni. Dawati la idhini Jumapili lina mtu mmoja, na huyo mtu namjua, hashiki simu. Watamlaza kwenye chumba kizuri, watampa mto, watangoja. Mpelekeni kwenu, hata kama ni kwa benchi."

"Nakwambia kwetu hakuna mtu wa usingizi!"

"Na mimi nakwambia kwetu hakuna mtu wa idhini!"

"Si alichagua kwenu?"

"Kwetu? Alichagua kwenu! Kwenye orodha yangu hayumo!"

Walibishana hivyo juu ya kichwa chake, kila mmoja akiisema hospitali yake kwa ukweli ambao hakuwahi kuusema miaka yote, mpaka Jicho akashika pindo la gauni la mkewe.

"Sikuchagua," alisema.

"Nini?"

"Sikuchagua popote. Dirisha lilifungwa."

Mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha meza mkononi, akaanza kucheka, kisha kucheka kukageuka kulia. Mkunga alimtazama mumewe kwa muda mfupi sana, akamwambia Wakala, "Kwetu. Endesha."

Ndani ya gari, kichwa cha Jicho kikiwa mapajani mwake, mkunga akapiga simu kwa Bwana Usingizi. Hivyo ndivyo walivyomwita yule mtaalamu wa kuwatia wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji, naye alikuwa mmoja tu kweli.

"Uko wapi?"

"Niko kibaruani," sauti ilisema. Hospitalini wote walijua kwamba kibarua ni ile hospitali binafsi ya mtaa wa pili, na kwamba mshahara wa serikali ulikuwa unamtosha mpaka tarehe kumi na tano.

"Una mgonjwa mezani?"

"Ninaye, ila hayuko mezani, yuko kwenye simu. Tunangoja idhini tangu saa tano. Nimeshakunywa chai mara tatu."

"Nina ngiri iliyonaswa, na ni ya mume wangu."

"Natoka sasa hivi."

Alifika kabla yao kwa pikipiki, amevaa makubazi ya kijani yenye nembo ya hospitali binafsi, na mlinzi wa lango la serikali akampigia saluti kama kawaida. Daktari wa zamu, mwanamke wa umri wa binti yao, alikuwa ameshanawa mikono. Kilichokosekana ni glovu za saizi yake, uzi, na chupa mbili za dripu. Mkunga akaandika kwenye kipande cha karatasi na kumkabidhi Wakala.

"Duka la dawa ng'ambo ya barabara. Kimbia."

"Hospitali nzima haina glovu?"

"Zipo. Kadiri ya upatikanaji wake. Kimbia, shemeji!"

Wakala akakimbia, na suruali yake iliyopigwa pasi. Aliporudi akabandika mgongo ukutani nje ya chumba cha upasuaji, akihema, na kwa kuwa hakujua kukaa mahali bila kuzungumza na watu, akaanza kuzungumza na wauguzi waliokuwa wakipita. Upasuaji ulichukua saa moja na dakika ishirini. Ulipokwisha, Jicho alikuwa na utumbo wake wote, na Wakala alikuwa na saini mbili za wauguzi wa serikali waliotaka daraja la fedha. Ya tatu aliitia Bwana Usingizi, akiwa amesimama, huku akivua glovu. Alisema anaijua kampuni hiyo ndani na nje na haitaki kwa ajili ya kujitibu; anaitaka kwa ajili ya mama mkwe wake, anayependa mito.

Jicho aliamka jua likiwa bado dirishani. Ukuta wa wodi ulikuwa umepakwa nyeupe namba saba kutoka chini hadi usawa wa kitanda, na namba nne kutoka hapo kwenda juu, bila shaka kwa sababu kopo liliisha. Alikuwa anaushangaa mstari huo alipomwona mkewe kwenye kiti, amevaa sare ingawa haikuwa zamu yake.

"Nitalipaje?" lilikuwa swali lake la kwanza. "Mimi sina bima yoyote."

Mkunga akatoa kadi kwenye mfuko wa sare, akaiweka juu ya shuka. Ilikuwa kadi ya watumishi wa serikali. Upande wa nyuma paliandikwa "mwenza", na chini yake palikuwa na picha ya Jicho, kijana zaidi, amefumba jicho moja kwa ajili ya mwanga wa kamera.

"Hii ni nini?"

"Hii ni wewe. Mume wa mtumishi anatibiwa kwa kadi ya mtumishi. Tangu tulipopiga hiyo picha, miaka kumi na mmoja sasa."

Jicho akaigeuza kadi, akasoma mbele, akasoma nyuma, akaisogeza kwenye mwanga. Alikuwa amesoma kurasa arobaini na sita za watu wengine. "Ina maana hata kama..."

"Hata kama."

"Na ulijua? Siku zote kumi na nne, ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Mkunga alinyoosha shuka mahali ambapo halikuwa na mkunjo. "Nilitaka nikuone ukija upande wangu kwa miguu yako mwenyewe," alisema. "Mara moja tu. Si kwa kadi."

Jicho alitaka kumwambia kwamba alikuwa ametia mkono mfuko wa kushoto kwanza. Lilikuwa jambo la kweli, na angeweza kuliapia. Lakini angeulizwa kuhusu mfuko wa kulia.

"Ungenijazia mwenyewe," alisema.

"Ningekujazia, ungesema nimekuchagulia."

Siku mbili zilizofuata walikuja watu wa kiwandani. Dereva wa foklifti alileta matunda na habari kwamba mkewe amepimwa na mtoto yuko vizuri, ingawa mashine ya picha ilikuwa mbovu na daktari alitumia sikio. Mama chai alileta birika zima la chai na malalamiko: kwa kadi yake ya shaba alipata daktari bila foleni, akamaliza dakika kumi, na sasa hana cha kuwasimulia watu. Afisa utumishi hakuja, alituma barua yenye muhuri. Uongozi wa kiwanda ulimpongeza Jicho kwa kuwezesha wafanyakazi mia moja na kumi na tisa kati ya mia moja na ishirini kutumia uhuru wao wa kuchagua, jambo lililokiweka kiwanda katika nafasi ya kwanza miongoni mwa viwanda vyote, na kumteua rasmi kuwa mshauri wa zoezi hilo mwakani. Jicho aliisoma barua mara mbili, ya pili kwa sauti. Mgonjwa wa kitanda cha pili alimuuliza huyo mmoja aliyebaki alikuwa mjinga gani, na Jicho akasema hamjui vizuri.

Mdogo wake alikuja siku ya tatu. Alikuwa ameshamsamehe kwa kutokuchagua upande wa mumewe, lakini sasa alikuwa na kinyongo kipya, kwamba hata upande wa wifi hakuuchagua. "Ungetuudhi kwa jambo, kaka," alisema. "Umetununisha wiki sita bure." Mumewe alikuwa amevuka idadi ya mwezi na kupewa cheti, hivyo kinyongo hakikuwa kizito, na kabla ya kuondoka alimkata kaka yake kucha.

Siku ya tano daktari kijana alimruhusu, akamwambia asinyanyue pipa kwa miezi mitatu na asinyanyue mtungi wa gesi kabisa. Mkunga alikuja kumchukua baada ya zamu ya asubuhi. Walitembea polepole kwenye ukumbi mrefu, yeye amemshika mumewe mkono, wakipita mabenchi yaliyojaa watu waliomwamkia mkunga kwa jina la kazi na kumtazama Jicho kwa wivu kidogo, kwa kuwa anatoka. Kwenye kaunta ya mwisho karani aligonga muhuri kwenye kadi na kuirudisha.

Jicho aliishika kwa muda. Ilikuwa nyepesi sana kwa kitu kilichomfanyia kazi kubwa hivyo.

"Hii inakwenda mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka nitakapostaafu. Baada ya hapo inakatika, utajitegemea na fomu zako kama watu wengine."

"Nawe unastaafu lini?"

"Baada ya miaka minne."

Walikuwa wamefika kwenye ngazi za nje. Jicho alishuka ya kwanza kwa uangalifu, akashuka ya pili, akasimama, akashika mahali pa mshono.

"Panauma?" mkunga aliuliza.

"Hapana," alisema. "Nafikiri tu. Miaka minne si mingi."